Unataka kwenda tamasha la ngoma? Nenda ukacheze kwanza

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia. Anapiga djembe, ile ngoma ya Afrika Magharibi ya kupigwa kwa mikono, mwaka wa pili sasa, peke yake chumbani, amejifunza kwa video, na anasema mikono imeshakuwa myepesi. Anataka kwenda tamasha lake la kwanza la ngoma, siku nne za kulala kwenye mahema, ila anaogopa. "Nikifika nikakuta wote wananizidi, itakuwaje?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari miwili. Nikajikuta nimekesha, maana na mimi nimetoka tamasha siku kumi tu zilizopita, kiganja cha kulia bado kina lengelenge, na nina furaha ambayo sijapata wa kumsimulia bila kuonekana najisifu. Basi nawasimulia ninyi. Mkiona majivuno nivumilieni, mwanzo wake ulikuwa aibu.

(Kabla hamjauliza: ndiyo, inaitwa djembe. Hapana, siendi nayo shamba.)

Miaka saba iliyopita nilikuwa kama huyo dada, tofauti ni kwamba mimi sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa nimesoma kila kitu. Ningekueleza jinsi Fodéba Keïta wa Guinea alivyoanzisha kundi la ngoma la Les Ballets Africains jijini Paris mwaka 1952, na jinsi kundi lile lilivyokuwa la taifa baada ya Guinea kupata uhuru mwaka 1958. Ningekwambia kwamba Mamady Keïta, yule bingwa wa djembe, alizaliwa Balandougou mwaka 1950 na kufungua shule yake Brussels mwaka 1991. Nilijua kwamba mti wa djembe unachongwa kipande kimoja na ngozi yake ni ya mbuzi. Nilijua sauti zake tatu: besi ya kiganja katikati, toni ya vidole vilivyobana ukingoni, na kofi, lile la vidole vilivyolegea linalokata kama kijiti kikavu. Kofi langu lilikuwa zuri. Naomba hilo liandikwe. Lilikuwa zuri kweli.

Basi nikaenda tamasha langu la kwanza, na siku ya pili asubuhi nikaingia kwenye hema kubwa la darasa la kucheza. Walikuwa wanatafuta wapigaji wa kusindikiza, nikainua mkono. Nikapewa kazi ya mtoto mdogo: mdundo mmoja wa kusindikiza, uleule, bila kubadilisha, dakika tisini. Mbele yetu walijipanga wachezaji kama arobaini, mistari mitano, wanavuka hema kutoka upande ule kuja kwetu, wakifika wanarudi nyuma, mstari mwingine unaanza. Mwalimu alikuwa katikati, bila kipaza sauti, anaongoza kwa mabega.

Dakika ya ishirini nikachoka kuwa mtoto mdogo. Kulikuwa na kipande cha solo nilichokuwa nimekifanyia mazoezi miezi mitatu, kinaanza kwa makofi mawili ya haraka, kinashuka kwenye toni, kinafunga kwa nguvu. Nikakichomeka. Kilitoka safi kuliko nilivyowahi kukipiga chumbani, na kwa sekunde mbili hivi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani.

Kumbe ule ulikuwa mwito.

Kwa wasiojua: katika ngoma hizi mpigaji kiongozi hazungumzi na wachezaji kwa mdomo. Ana kipande chake anachokipiga, na mchezaji akikisikia anajua hatua hii imekwisha, inaanza nyingine. Kipande kile ni amri. Mimi nilikijua kama pambo. Nusu ya mstari wa mbele ikabadilisha hatua, nusu ikaendelea na ya zamani. Mama mmoja akageuka kushoto, jirani yake akaruka kulia, wakagongana mabega kwa vichwa, na yule mama akaanguka akakalia mguu wake.

Ngoma zikanyamaza moja moja, yangu ya mwisho.

Mwalimu alikuja pale nilipokaa. Hakupiga kelele. Alichukua djembe kutoka katikati ya magoti yangu, akasema kwa sauti ya kawaida iliyofika pembe zote za hema, "Unazungumza lugha usiyoielewa," akaibeba mpaka nje akaiweka kwenye nyasi. Akarudi, akahesabu, darasa likaendelea. Mimi nikabaki nimekaa mikono mitupu mbele ya watu arobaini, sijui nisimame au nibaki.

Nimelifikiria tukio lile kwa miaka saba na nitasema wazi: alikuwa na haki ya kunisimamisha, hakuwa na haki ya kunivua nguo mbele za watu. Najua wapo watakaosema ndivyo walimu wa zamani walivyo, ndivyo na wao walivyofundishwa. Sawa. Lakini mtu mzima aliyelipa, akasafiri, akaja kujifunza, unaweza kumshika bega. Mkono tu begani ningeelewa. Walimu mnaosoma hapa, na najua mpo wachache, mshikeni mtu bega.

Ile djembe sikuifuata. Kiburi kiliniambia aliyeitoa ndiye atakayeirudisha. Ikalala nje. Asubuhi nikaikuta ngozi imelegea kwa umande kama nguo iliyoloa. Nikaigonga ikatoa sauti ya mto wa kulalia. Nilikaa nayo juani nikingoja ikauke, nimeshafunga begi la kuondoka, ndipo yule mama aliyeanguka akaja anachechemea. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza. "Umewahi kuicheza hiyo unayoipiga?" Nikamwambia mimi ni mpigaji. "Sijakuuliza hilo," akasema. "Saa tano kuna darasa. Mimi siwezi kucheza leo, na wewe ndiye sababu. Nafasi yangu ichukue wewe."

Sikuwa na jibu kwa hilo. Nikaenda.

Dada uliyeniandikia, hapa ndipo ushauri wangu wote ulipo, na hautaongezeka sana nikiendelea: nenda ukacheze. Kama tamasha lina madarasa sita ya ngoma na sita ya kucheza, ingia ya kucheza manne. Wapigaji wengi hatufanyi hivyo. Tunaona haya na miili yetu, tunajificha nyuma ya mti na ngozi. Mimi nilicheza vibaya siku ile, mikono ikienda huku miguu ikienda kule, lakini kwenye mzunguko wa nne au wa tano likatokea jambo. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kuhesabu, na miguu ikaacha kunisubiri. Ikawa inakanyaga yenyewe, na nilipojiuliza inafuata nini, si djembe iliyokuwa inafuatwa. Ilikuwa sangban.

Hizi ngoma za fimbo zinaitwa dunun, ni tatu, za ngozi ya ng'ombe: kenkeni ndogo inayoshikilia, dununba kubwa inayovuma, na sangban katikati ndiyo inayobeba maneno ya wimbo. Kila moja ina kengele. Mkono mmoja fimbo, mwingine chuma. Chumbani na video zangu sikuwahi kuzijali. Nilizisikia kama watu wanaohamisha fanicha chumba cha pili. Kumbe ndizo nyumba, na lile kofi langu zuri lilikuwa pazia.

Tena Kiswahili kilishatuambia zamani, ni sisi tu tusiosikiliza. Ngoma ni ile inayopigwa, na ngoma ni ile inayochezwa. Neno moja. Mdundo wa Kassa ulipigiwa wakulima wakiwa shambani (haya, nimekubali, jembe limeingia). Aliyekuwa anapiga alikuwa anatazama migongo ya watu na kujua nani anachoka. Sisi tumeupangia ratiba: saa tatu kupiga, saa tano kucheza, hema hili na hema lile, kisha tunashangaa mbona wapigaji wetu hawatazami mtu yeyote isipokuwa mikono yao wenyewe.

Miaka iliyofuata siisimulii, haina utamu. Nilihesabu. Nilipiga kenkeni mpaka nikaota kenkeni.

Ila kuna mambo madogo nitakupa, kwa kuwa najua ukifika pale hakuna atakayekuambia. Vua pete, inakata ngozi na inaumiza kidole chako kwanza. Inamisha djembe kidogo mbele ili tundu la chini liwe wazi, vinginevyo besi inafia ardhini. Usikae kwenye ngoma ya mtu bila kumwomba, hata kama kaenda kuoga. Mwalimu akizungumza, mikono juu ya mapaja. Kugongagonga ngozi chinichini mwenzako anafundishwa ni utovu wa adabu kuliko kukosea. Ukipewa dunun, tafuta vizibo vya masikio. Na usipige kwa hasira siku nzima: mtu akitwanga ngozi kwa nguvu saa nyingi, chembe za damu zinaweza kupasuka mikononi na mkojo ukatoka mwekundu au wa kahawia. Ikitokea pumzika, umwone daktari, usiende kujisifu kwenye moto wa jioni. Nimewasikia wanaojisifu.

Halafu cheza. Nilishasema? Nasema tena.

Na kuhusu hofu yako ya kukuta watu wanakuzidi: utawakuta, ndiyo, na hao si wa kuogopa. Wa kuogopa ni wale wakusanyaji. Utawajua kwa simu. Anaweka simu mbele ya mwalimu bila kuomba, anarekodi mdundo wa Kuku, anarekodi wa Soli, anarekodi wa Dundunba, anaondoka kabla darasa halijaisha kwenda kurekodi hema la pili. Jioni anakuambia ana midundo mia moja na ishirini. Muulize ipi kati ya hiyo amewahi kumpigia mtu akacheza. Mimi ninayo minne. Minne! Na sina haya nayo, maana kila mmoja ninajua mguu gani unatua wapi. Watu wameacha kuja kuwa na wenzao, wanakuja kuvuna. Tamasha si ghala, jamani. Ukiwa na wasaa wa kurekodi mwalimu, una wasaa wa kumsaidia kubeba ngoma zake kutoka garini. Ajabu ni kwamba anayebeba ngoma ndiye anayefundishwa usiku, watu wakishalala, wakati mwalimu amevua viatu na hana ratiba. Kila nilichokipata cha maana nilikipata saa hizo, na hakikuwa kwenye tangazo lolote.

Sasa niwape habari yangu.

Mwaka huu, siku ya mwisho, darasa la kucheza la alasiri. Mpigaji wa sangban aliamka na kiwiko kimevimba. Mwalimu wa kucheza, mwanamke mmoja ambaye nimembebea ngoma miaka mitatu, akatazama upande wetu wote, macho yakapita kwa vijana wenye makofi mazuri, yakaja kutua kwangu. Akanyoosha kidevu tu, kuelekea sangban. Nikakaa.

Nikiwa mkweli, mwanzo nilitetemeka. Chuma kilinitoka mkononi mara moja. Lakini nilifanya lile ninalowahubiria: niliacha kutazama mikono nikatazama miguu. Mstari wa tatu kulikuwa na mzee mwenye suruali ya bluu, anatua mzito kwa mguu wa kushoto, kila mara kwa kuchelewa kidogo. Nikampigia yeye. Sangban ikajiweka palepale anapotua, na baada ya muda mfupi hakuwa anachelewa tena, na sijui kama ni yeye aliyeharakisha au sisi tuliomngoja. Tulikwenda hivyo saa nzima. Wachezaji walipokuwa wanakuja mbele nilisikia upepo wao usoni.

Kuelekea mwisho mpigaji wa kenkeni akatoka kwenda kunywa maji. Pengo likatokea upande wangu wa kushoto, lile pengo ambalo mpigaji analisikia kama meno yaliyong'oka. Halafu likazibika. Kenkeni ikaingia, kavu, sawasawa, haisongi mbele wala nyuma, na nilijua bila kugeuka kwamba aliyeishika hakuwa yule kijana.

Ni yeye, yule mwalimu aliyeitoa djembe yangu nje. Mvi zimeongezeka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chini kuliko changu, anapiga kazi ya mtoto mdogo, mdundo mmoja, bila kubadilisha. Hakunitazama na mimi sikumtazama. Mwito ulipokuja, wa kiongozi, wachezaji wote wakageuka pamoja, na sisi wawili tukafunga pigo moja.

Wachezaji wakatusogelea kushukuru, wanainama mmoja mmoja wanagusa ardhi mbele ya ngoma. Yule mzee wa suruali ya bluu aligusa mbele ya sangban kwa mikono yote miwili. Nililia, ndiyo, andikeni na hilo.

Sijui nilitarajia nini kutoka kwa mwalimu. Radhi, labda. Miaka saba nimeipanga ile radhi yake neno kwa neno, na jibu langu pia, lenye heshima na kisu ndani yake. Yeye alisimama taratibu akishika kiuno, akanipa fimbo ya kenkeni, akatazama nje ya hema ambako jua lilikuwa linazama.

"Ziingize zote ndani, dada," akasema. "Umande unaanza."

Nikabeba kenkeni kwanza. Niliporudi kuchukua sangban, nikamkuta ameshainua dununba begani na anatembea mbele yangu.