Unaenda kukaa Buja ukitokea Kigoma? Soma hapa kabla hujavuka Manyovu

Sisi watu wa Kigoma tuna kiburi fulani kuhusu Burundi, tunaichukulia kama tunaenda kwa babu. Na ukiangalia ni kweli, Mwandiga mpaka Manyovu ni lami kama kilomita 60 hivi, unavuka unaingia Mugina, unateremka Nyanza-Lac unakutana na Tanganyika lile lile, Rumonge michikichi imejaa kama kwetu, alafu jioni uko Bujumbura, Buja yenyewe, unakula ugali wa muhogo. Matokeo yake mtu anayeenda Dar anajiandaa kuliko anayehamia Buja, wakati Dar hata hela ni ile ile! Mimi nimekaa kule kwa mkataba, kazi za mizigo hii inayopitia bandari yetu ya Kigoma, sahivi nimerudi na wadogo zangu wananiuliza kila siku maisha ya kule yakoje. Jibu langu ni kwamba nchi inayofanana na kwenu inachosha kuliko ya mbali, manake hakuna anayekuonya na wewe mwenyewe hujiangalii.

Makaratasi kwanza, nitapita haraka. Visa hatuhitaji, Burundi iko Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007. Lakini ule muhuri wa kuingia sio kibali cha kufanya kazi, hakikisha anayekuajiri analishughulikia hilo wewe ukiwa bado nyumbani. Beba pasipoti, kadi ya manjano, na kitambulisho cha NIDA usikiache, hasa kama wewe ni Muha, manake Kiha na Kirundi vinakaribiana sana. Wenzangu mnanielewa. Wakati wa kurudi afisa anaweza kukusikiliza lafudhi akaanza kukuuliza shule ya msingi ulisoma wapi na mwenyekiti wa kijiji chenu ni nani, sasa ukiwa na NIDA mkononi stori inakuwa fupi.

Kitu kilichonisumbua kuliko vyote ni saa. Burundi wako nyuma yetu saa moja, simu inajibadilisha yenyewe mpakani, unaona ni jambo dogo. Sio dogo. Sisi Kigoma tuko magharibi kabisa mwa nchi tunatumia saa ile ile ya watu wa Dar, ndio maana jua letu linazama kwenye saa moja usiku na mtu anatoka kazini bado ana mwanga wa kupitia soko letu la Mwanga akanunua mboga bila haraka. Buja jua ni lile lile ila saa imerudi nyuma, kwa hiyo saa kumi na mbili jioni giza hilo. Mipango yote ya jioni uliyoizoea inakatika. Ilibidi nianze kufanya manunuzi asubuhi, au ule mchana wao ambapo ofisi nyingi zinasimama kuanzia saa sita mpaka saa nane, na huo mchana mrefu jamani ni mtamu, mtu anakula anapumzika ndio anarudi kazini, sijui sisi tunashindwa nini. Ukipewa miadi uliza vizuri pia, manake anayeongea Kirundi au Kiswahili anahesabu saa kama sisi, ila akichanganya Kifaransa anahesabu kizungu, kwa hiyo huyu anakwambia saa mbili na yule anakwambia nane na wote wanamaanisha asubuhi ile ile. Na ukipiga simu nyumbani saa tatu na nusu usiku kumbuka mama yako ni saa nne na nusu, ameshalala.

Barabarani wanaendesha kulia. Hapa wala sitanii, wiki za mwanzo kabla hujavuka simama kabisa, angalia kushoto, kulia, tena kushoto. Usitegemee usukani ukukumbushe, magari mengi kule yana usukani upande wa kulia kama ya kwetu, kwa hiyo jicho linaona gari la kawaida kabisa kumbe liko upande mwingine. Na kama umezoea kuruka kwenye pikipiki ufike mpaka mlangoni, katikati ya mji pikipiki, bajaji na baiskeli zilipigwa marufuku tangu Machi 2022, zinakushusha pembeni unamalizia kwa mguu.

Hapo ndipo linakuja suala la nyumba. Makomisioneri, yaani madalali wa kule, watakuonyesha nyumba nzuri za bei nafuu mbali na mji, utashawishika. Mimi nasema lipa zaidi ukae karibu na kazi. Burundi miaka hii imekuwa na shida kubwa ya mafuta, yanakosekana, foleni ya magari kituoni inakesha, mabasi yanapungua na watu wanatembea kwa mguu kutoka mjini mpaka makwao huku giza nimeshakwambia linaingia mapema. Mwenzetu mmoja alichukua chumba mbali akawa anafika nyumbani hoi, hana hamu hata ya kupika. Nyumba ya karibu na kazi ndiyo iliyonifanya niipende ile nchi, sio kitu kingine.

Kama unaweza tafuta Buyenzi. Mtu wa Ujiji akifika Buyenzi anajisikia yuko kwao, Kiswahili barabarani, adhana, soko la Ruvumera hapo hapo, chapati na chai asubuhi. Ukihamia tu nenda kwa nyumbakumi ujitambulishe, na mwenye nyumba akuandike kwenye lile daftari la wakazi wa nyumba, wanaliita kaye. Polisi wakipita kukagua wanaangalia hilo, ukiwa humo huna shida, usipokuwemo mtaelezana mpaka asubuhi. Jumamosi asubuhi kuna kazi za jamii, kufagia, kuzibua mitaro, mji unasimama mpaka ziishe. Usijifungie ndani kisa we mgeni. Toka na jembe. Majirani zangu wote niliwajulia kwenye mtaro.

Kuhusu lugha, Kiha chako kitakupeleka mbali sokoni, watacheka kidogo lafudhi yako alafu watakupunguzia bei. Shida ni kwamba wakishajua unasikia wanakuachia Kirundi cha kasi na wewe kwa aibu unaitikia tu ego, ego, yaani ndiyo, ndiyo, hujui umekubali nini. Omba warudie. Na makaratasi mengi ni Kifaransa, mkataba wa nyumba, benki, hospitali, hapo Kiha hakisaidii, tafuta mtu unayemwamini akusomee kabla hujasaini. Hospitali nayo kadi ya NHIF usiitegemee, weka akiba yako ya matibabu.

Sasa jambo ambalo sisi tunalikanyaga bila kujua. Kule utakutana na watu wengi wanaoongea Kiswahili safi kabisa cha kwetu, ukiuliza umejifunzia wapi anakwambia Ulyankulu, Mishamo, Katumba, au Nyarugusu, yaani kwenye makazi na kambi za wakimbizi huku kwetu Tanzania. Wengine familia zao zilikimbia mwaka 1972, wengine juzi juzi tu. Mwingine atakukumbatia kwa sababu Tanzania ilimlea, mwingine ana kumbukumbu ambazo sio nzuri na atakuangalia kwa baridi wakati hujamfanya chochote. Usichokonoe. Usiulize kabila la mtu, usianzishe siasa kwenye meza ya vinywaji, na ule utani wetu wa huku wa kumwita mtu Mrundi kama tusi uache Manyovu. Mwenyewe akitaka kukuhadithia atakuhadithia, na utakuta mnajua mitaa ile ile ya Kasulu. Salamu yao ni ya mikono na kukumbatiana, amahoro, habari za nyumbani, taratibu, ukipita na "mambo" ya haraka haraka wanakuona huna adabu. Wakikukaribisha kinywaji na wewe hutumii pombe, chukua Fanta ukae nao, ila kukataa kavu kavu na kuondoka hapana.

Hela inahitaji kichwa kilichotulia. Faranga ya benki na faranga ya mtaani zina bei tofauti sana, kwa hiyo kabla hujakubali mshahara uliza utalipwa kwa hela gani na kwa bei ya wapi, manake mshahara unaoonekana mnono kwenye karatasi unaweza kukutana na bei za sokoni ukawa wa kawaida sana. Chukua laini ya kule ufungue na Lumicash, hela ya kwenye simu ya kule, M-Pesa yako iwe ya mambo ya nyumbani tu. Nyumbani nao waambie mapema, manake ukishavuka mpaka ndugu wanaamini umefika Ulaya, huyu anataka vitenge, yule anataka simu, shangazi anataka vyote viwili. Mimi niliwaambia mwezi wa kwanza na wa pili situmi kitu, walinuna, wakazoea.

Upweke utakuja, sio siku ya kwanza, unakuja pale ugeni unapoisha. Mimi nilikuwa naenda ziwani Jumapili, nakula samaki mgebuka wa kuchoma, wao wanamwita mukeke, na ndizi, naangalia upande wa kusini tulipo sisi. Ila msikae ufukweni mpaka usiku, viboko wa Buja wanatoka majini kula majani na hawaombi njia.

Siku ya kurudi, faranga zilizobaki ziishie pale pale mpakani kwa wabadilishaji, uhesabu mwenyewe kabla hujaachia zako. Ukizifikisha Mwanga utaanza kuzungushwa.