Picha za vitambulisho vya kujitolea zinarudishwa: angalieni ukuta na umbali kabla ya kulaumu simu

Mkuu mleta mada, umesema kikundi chenu cha kujitolea kinatengeneza vitambulisho, kila mtu ajipige kwa simu yake atume, na karibu nusu zimerudishwa kwa maelezo kwamba sura haionekani. Simu hazina kosa. Hata ya megapikseli 8 inatosha na kubaki: picha ya pasipoti ya milimita 35 kwa 45 inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu ili itoke safi kwa nukta 300 kwa inchi, na kwenye kadi ya plastiki huwa ndogo zaidi ya hapo.

Mchawi wa kwanza ni ukuta mweupe. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima. Ikikuta weupe mwingi inapunguza mwanga, na mwenye ngozi nyeusi anabaki kivuli chenye meno. Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo kidogo, mpaka uone vizuri zinapoanzia nywele na mboni za macho. Ukuta ukipauka kabisa, usijali. Paji la uso likianza kung'aa, umezidisha. Kati ya picha yenye giza na iliyokolea mwanga kidogo, tuma ya pili, maana kadi ikichapwa mara nyingi hutoka nyeusi kuliko ulivyoiona kwenye simu. Kama wanaotoa kadi hawajashikilia ukuta mweupe, bluu ya mpauko ni rahisi zaidi. Shuka lililonyooshwa pasi linafaa, lisiwe na mikunjo.

Usimwegemeze mtu ukutani, kivuli cha kichwa kitaonekana kama kichwa cha pili. Asimame kama mita 1 mbele ya ukuta, uso uelekee mlango au dirisha lililo wazi. Taa ya dari peke yake inachimba mashimo machoni, na jua la saa sita ni hivyo hivyo, juu yake watu wanakunja sura. Kivuli cha baraza asubuhi ndiyo studio ya bure. Chini ya mwembe hapafai: mwanga unaopenya majani huacha madoa usoni.

Halafu selfi. Kwa urefu wa mkono pua inavimba na masikio yanajificha nyuma ya mashavu. Mwingine apige kwa kamera ya nyuma, akiwa mita 1.5 hadi 2, akuze mara 2, simu iwe wima na usawa wa macho ya anayepigwa. Aonekane mpaka kifuani, na nafasi ibaki juu ya kichwa. Kukata ni kazi ya anayepanga kadi, na hawezi kurudisha utosi uliokatwa. Zimeni kichujio cha urembo, pia ile hali ya kufifisha nyuma, kwa kuwa hula kingo za nywele na ushungi.

Ushungi uwe wa rangi tofauti na ukuta, uso wazi kuanzia paji hadi kidevu. Fulana nyeupe mbele ya ukuta mweupe, kichwa kinaelea. Wenye vizibao vya kung'aa wasipigwe kwa flashi: ile mistari hurudisha mwanga wote, uso unabaki giza. Miwani ikiakisi dirisha, inueni mikono yake kidogo juu ya masikio ili vioo viiname, au ivuliwe.

Kwenye WhatsApp tumeni kama hati, siyo kama picha, la sivyo inabanwa na kupoteza ubora. Wenye iPhone wageuze iwe JPEG, kwa sababu faili za HEIC (aina ya picha inayohifadhiwa na iPhone) hukataa kufunguka kwenye kompyuta nyingi za ofisini. Jina la faili liwe jina la mtu na namba ya fomu. Mwenye kupokea faili 60 zenye majina ya tarehe atabandika sura ya Asha kwenye kadi ya Neema.

Kabla ya kutuma, punguza picha kwenye kioo ibaki upana wa vidole viwili, nyoosha mkono, umwoneshe mtu anayemfahamu mhusika. Akisita, pigeni nyingine.