Orvieto kwa siku moja: anzia chini ya mwamba

Mkuu, umeuliza kama siku moja ukitokea Roma inatosha kwa Orvieto, mji wa Italia ulio juu ya mwamba, na kama kuna cha kuona zaidi ya kanisa kuu. Inatosha, ila usifanye nilivyofanya mimi safari ya kwanza: nilipanda juu, nikapiga picha kanisani, nikageuza. Niliporudi na mama yangu ndipo nilipouelewa ule mji, kwa sababu tulianzia chini.

Mji umekaa juu ya tufo, jiwe laini la majivu ya volkano, kingo zake zimesimama wima. Waetruski, watu wa kale wa Italia, waliishi pale hadi Warumi walipouangamiza mji wao mwaka 264 K.K. Wao ndio walioanza kuchimba, vizazi vilivyofuata vikaendelea, na leo chini ya nyumba kuna mapango zaidi ya 1,000. Mawe yaliyotolewa humo yalijenga nyumba za juu, kwa hiyo pangoni unasimama pale ukuta wa mtu ulipotoka. Beba koti hata kama ni Agosti. Tazama kutani: vishimo vya mraba, safu juu ya safu. Ni viota vya njiwa. Watu waliwafuga humo kwa kitoweo, wakaacha dirisha la kutazama bondeni ili ndege wajitafutie chakula na kurudi wenyewe. Niliingiza mkono kwenye kimoja. Alama za sululu bado zinakwaruza vidole.

Kisha nenda kisima cha San Patrizio. Papa Klementi VII alikimbilia Orvieto Desemba 1527, baada ya Roma kuporwa, akahofia kwamba mji ukizingirwa maji yatakatika. Akamwagiza msanifu majengo Antonio da Sangallo Mdogo achimbe. Kazi ilikamilika 1537, Papa mwenyewe ameshafariki. Kina chake kinazidi mita 50, kikizungukwa na ngazi mbili zisizokutana: nyumbu (chotara wa punda na farasi) alishuka kwa moja, akavuka kidaraja juu ya maji, akapandia ya pili na mzigo wake bila kubanana na wanaoshuka. Vidato ni 248. Mama alivipanda taratibu, mkono ukutani, tukipumzika madirishani. Mwenye magoti mabovu abaki juu.

Kanisa kuu, lililoanzwa 1290, liweke alasiri. Ndani kuna kikanisa kinachotunza kitambaa cha altare cha muujiza wa Bolsena wa 1263, ambapo, kwa mapokeo, hostia, ule mkate wa misa, ilitoa damu mikononi mwa padri aliyekuwa na mashaka. Mwaka uliofuata Papa Urbano IV, akiwa hapo hapo Orvieto, aliiweka Sikukuu ya Mwili wa Kristo kwa Kanisa zima. Mama huandamana sikukuu hiyo kila mwaka parokiani kwetu, watoto wakimwaga maua njiani mbele ya Ekaristi. Alipiga magoti pale muda mrefu, nami sikumharakisha.

Upande wa pili wa kanisa ipo michoro ya ukutani ya mchoraji Luca Signorelli ya siku ya ufufuo wa wafu. Wafu wanajisukuma kwa viganja kutoka ardhini, wengine wametoka nusu tu. Baada ya mapango yale, nilisisimka mwili.

Halafu toka nje, usiondoke. Uso wa kanisa unatazama magharibi, na jua likishuka dhahabu ya mozaiki, picha za vipande vidogo vya rangi, inawaka. Treni za kurudi Roma zipo hadi jioni. Hiyo ya saa kumi iache iende.