Kitabu cha mapishi 500 kwa bei ya soda mbili

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimehamia Mbeya kikazi nikitokea Tanga, na sasa najipikia mwenyewe. Kuna kitabu cha mapishi kinauzwa kwenye makundi ya WhatsApp: mapishi 500, picha za kuvutia, bei ya soda mbili. Kitanifaa mimi ninayeanza?

JIBU: Marahaba. Usinunue. Kila anayeniuliza swali hili hunitajia idadi ya mapishi na uzuri wa picha. Hakuna anayeuliza kama mwandishi aliyapika.

Kabla ya kununua kitabu chochote, soma pishi moja unalolijua. Wewe wa Tanga, tafuta mchuzi wa nazi. Kikisema tu "weka tui, chumvi kiasi, pika hadi uive", kiache. Aliyesimama jikoni atakuambia uanze na tui jepesi, tui zito lije mwishoni, na ukoroge mfululizo lisije likakatika.

Halafu tazama vipimo. "Unga vikombe 4": kikombe kipi? Kikombe cha kupimia cha mililita 250 huingia unga wa ngano gramu 125 ukichotwa kwa kijiko, na zaidi ya 150 ukishindiliwa. Kwa vikombe vinne hiyo ni tofauti ya gramu 100, inayotosha kabisa kukuharibia maandazi. Kitabu cha kuaminika hutaja gramu, au hueleza mwanzoni kikombe kilichotumika.

Linaloniudhi kuliko yote ni kuambiwa vipimo ni vya wasiojua kupika, eti mama zetu walipima kwa jicho. Walipima kwa jicho kwa sababu sufuria ilikuwa ileile na bakuli lilelile miaka yote, na binti alisimama pembeni akiona. Wewe uko peke yako na karatasi.

Tena uko Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka huko kwenye nyuzi joto kama 94, si 100 kama Tanga. Maharage ya "saa moja" yatakugomea. Ndiyo maana pishi zuri hutaja dalili, kwamba punje ibonyee kwa vidole hadi katikati, halikuachii dakika peke yake.

Hao wauzaji wa mtandaoni hawapiki, wananakili. Ukikuta "oka keki kwa nyuzi 350", ujue limenyofolewa Marekani, kwa kipimo cha Farenihaiti. Ni kama 177 za Selsiasi, na oveni nyingi za hapa hazifiki hata 300. Keki ikiungua umepoteza unga na mayai. Lakini wananakili pia mapishi ya maharage mekundu yanayowekwa kwenye moto mdogo tangu mwanzo, na hapo watu wanaumia. Maharage hayo yana sumu ya asili isiyoisha kwa joto dogo, na yasipoiva hutapisha vibaya. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa moto mkali nusu saa kabla ya kupunguza moto. Pishi la maharage mekundu lisilosema hivyo, usilipike wala usimtumie mwenzako.