Maswali ya Wasomaji: Mshipi bwawani una thamani gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni wafanyakazi wanne wa hapa Dar es Salaam. Tunafikiria kununua boti na kuipeleka Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ili tuwakodishie watu wanaopenda kuvua kwa mshipi kwa ajili ya burudani. Mwenzetu anasema kwamba Marekani uvuvi wa namna hiyo huingiza mabilioni ya dola. Je, thamani hiyo hupimwaje, na inaweza kuizidi ile ya samaki wanaovuliwa kwa nyavu na kuuzwa? Msomaji, Kimara.

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzenu hakukosea, ila kuna jambo hakulitaja. Uchunguzi wa Serikali ya Marekani wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba wavuvi milioni 35.8 wenye umri wa miaka 16 na zaidi walitumia takriban dola bilioni 46.1. Hesabu hiyo inajumuisha bahari, mito na maziwa pamoja na mabwawa, na karibu nusu yake ni bei ya vifaa na vyombo. Zaidi ya hayo, ni hesabu ya matumizi, na matumizi si thamani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkazi wa Mbezi anatumia shilingi 300,000 kwa safari moja ya kuvua Mtera, naye angekuwa radhi kutoa hadi shilingi 400,000 kabla ya kuamua kubaki nyumbani. Thamani halisi anayoipata yeye ni ile tofauti ya shilingi 100,000, kwa kuwa zile 300,000 amezilipia mafuta, chakula, malazi na chambo, vitu ambavyo navyo vina gharama ya kuvipata. Kama asingekwenda Mtera angezitumia Bagamoyo, basi taifa halikuongeza kitu. Fedha zimehama tu. Mama lishe wa Mtera, hata hivyo, ana haki ya kuliona jambo hilo kwa jicho tofauti, na halmashauri yake pia.

Tofauti hiyo hupimwaje ilhali hakuna anayeuza tiketi ya furaha? Mwaka 1947 mchumi Harold Hotelling aliiandikia idara ya hifadhi za taifa ya Marekani barua iliyopendekeza kwamba gharama ya safari ichukuliwe kuwa ndiyo bei ya kiingilio. Maeneo yanayozunguka bwawa hugawanywa kwa umbali, kisha huangaliwa ni watu wangapi katika kila elfu huja kutoka kila eneo. Kadiri safari inavyokuwa ghali ndivyo wanavyopungua, na kutokana na mteremko huo mchumi hukadiria kiasi ambacho wa karibu wangekuwa tayari kuongeza. Kwa mantiki hiyo, treni ya umeme iliyoanza kutufikisha Dodoma mwaka 2024 inaweza kuipandisha thamani ya Mtera hata kama samaki hawakuongezeka.

Kuhusu nyavu, linganisheni vitu vinavyolingana: bei ya perege mwaloni haitoshi mpaka mtoe gharama za nyavu, mtumbwi na nguvukazi. Wala si lazima upande mmoja umfukuze mwingine. Katika Bwawa la Kariba, lililo kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako mashindano ya kuvua samaki wa meno makali wa jamii ya Hydrocynus yamekuwapo upande wa Zimbabwe tangu mwaka 1962, dagaa waliotolewa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1960 wanavuliwa kibiashara, na hao hao ndio chakula cha samaki anayetafutwa na wenye mishipi. Wageni wengi humrudisha samaki majini ili avuliwe tena. Mtanzania akimvua perege atamla, nami sioni kosa.

Linalonitia wasiwasi kuhusu mpango wenu ni maji. Mtera ilijengwa kwa ajili ya umeme, na kina chake huruhusiwa kupanda na kushuka kati ya mita 698.5 na mita 690 kutoka usawa wa bahari. Kwa kuwa kingo zake ni tambarare, maji yakishuka ufukwe husogea mbali sana, gati hubaki nchi kavu, na viota ambavyo perege huvichimba kwenye maji mafupi huanikwa juani. Mwenye mshipi hana sauti katika ratiba ya mitambo, kwa hiyo thamani yake itapanda na kushuka kwa sababu asizozitawala.

Kwa hiyo msinunue boti kwanza. Kodini mitumbwi ya wenyeji kwa msimu mmoja wa maji mengi na mwingine wa maji machache, mkiwa na majaketi ya kuokolea maisha na nahodha anayejua viboko na mamba wanakokaa. Ulizeni leseni kwa ofisa uvuvi wa wilaya kabla ya kutangaza safari. Kisha waulizeni wateja wenu wangelipa kiasi gani zaidi kabla ya kuacha kuja, na jibu hilo ndilo mlipeleke benki.