Rangi ya Maji ya Chai haitoki kwa mswaki

Nimekulia Maji ya Chai, pale kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Mtu wa huku akiona nikicheka anajua nimetokea wapi: meno yangu ya mbele yana mistari ya kahawia, na mawili ya juu yana madoa kama yaliyoungua. Darasani kwetu wengi tulikuwa hivyo, kwa hiyo sikuwahi kuwaza lolote mpaka nilipokwenda kusoma bweni mkoa mwingine. Huko msichana mmoja aliniuliza kama kwetu hatupigi mswaki.

Lile swali lilinichoma, nikaanza kusugua. Nilinunua mswaki mgumu kuliko yote dukani. Jumamosi nilisaga mkaa, nikauchanganya na chumvi. Asubuhi, mchana na usiku nilisugua mbele na nyuma kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua, na damu ikitoka niliamini ni uchafu unatoka. Nilifanya hivyo karibu miaka tisa.

Rangi haikupungua hata kidogo. Kilichopungua ni fizi. Niligundua asubuhi moja ya Julai, maji ya bomba yalipopiga jino la chonge upande wa kushoto nikahisi ganzi hadi sikioni. Kwenye kioo nikaona jino limerefuka, na karibu na ufizi kuna sehemu ya njano yenye mfereji ambao ukucha unaingia.

Daktari wa meno niliyemwona Moshi alianza kwa kuuliza, "Dada, unatumia mkono wa kulia?" Nikasema ndiyo. Akanionyesha kwamba fizi za kushoto zimeliwa zaidi, na akasema ni kawaida kwa anayekandamiza mswaki kwa mkono wa kulia. Kisha akaniambia jambo ambalo ningeambiwa nikiwa na miaka kumi na minne lingeniokoa: "Hii rangi si uchafu. Imo ndani ya jino."

Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, aina ya madini yanayotokana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu vyanzo vingi vinapita hapo mbali sana. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaundwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi karibu miaka 8, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, hujengeka vibaya, na rangi hukaa humo humo. Hakuna mswaki, mkaa, majivu wala mchanga utakaoifikia. Anayetaka kubadili mwonekano amwone daktari wa meno, zipo njia za kung'arisha au kufunika jino kitaalamu.

Enameli ni ngumu kuliko mfupa, lakini ufizi ni nyama laini. Ukisugua kwa nguvu, ufizi ndio unaosogea, na ukishasogea haurudi wenyewe. Mzizi unaobaki wazi hauna enameli ya kuulinda, ndiyo maana mswaki ulinichimbia ule mfereji na maji baridi yakaanza kunitesa.

Basi nikafundishwa kupiga mswaki upya, mtu mzima na ajira yangu. Mswaki uwe laini. Ushike kwa vidole kama kalamu, usiukamate kwa ngumi, kwa sababu vidole havina nguvu ya kuumiza. Nyuzi uzilaze kwenye mpaka wa jino na ufizi, zimeinama kiasi cha digrii 45, nusu zikigusa jino na nusu zikigusa ufizi. Hapo hapo utikise kidogo kidogo, mwendo mfupi sana, kisha ufagie kutoka kwenye ufizi kwenda ncha ya jino: meno ya juu unashusha, ya chini unapandisha. Mwendo wa msumeno uache kabisa. Daktari mmoja wa Marekani, Charles Bass, ndiye anayetajwa kwa mbinu hii ya kulenga mpaka wa ufizi, na ina mantiki, kwa kuwa utando unaoleta ugonjwa wa fizi hujificha pale. Dakika mbili zinatosha, mara mbili kwa siku, na ya usiku usiikose. Nyuzi zikitawanyika kabla ya miezi mitatu, ujue bado unakandamiza.

Wiki za kwanza damu iliendelea kutoka, nami kwa woga nikawa naruka sehemu zinazotoka damu. Nilikosea tena. Utando ukiachwa pale ufizi unazidi kuvimba, na damu inazidi. Niliporudi kupitisha mswaki taratibu, ilikoma baada ya kama wiki mbili. Yako isipokoma, au jino likilegea, au ukaona usaha, nenda hospitali. Ugaga ulioganda hautoki kwa mswaki, hutolewa kwa vifaa.

Mswaki wa mti ambao Wamasai wanauza mjini mimi siupingi, babu alitumia huo tu. Ila utafune ncha mpaka nyuzi zilainike kabisa, ufagie vile vile kutoka ufizini, na ncha ikichakaa uikate. Na ukinywa soda, juisi ya ndimu au mbege, subiri nusu saa ndipo upige mswaki, maana asidi hulainisha uso wa jino kwa muda.

Kwa wenye watoto wadogo huku kwetu Arumeru nina ombi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki. Kingeni maji ya mvua kwa ajili ya mtoto kunywa, au ulizeni kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto kuhusu vichujio vya mkaa wa mifupa. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo mara nyingi yana floraidi, bora myaache kwenye chakula cha mtoto. Dawa ya meno yenye floraidi msimnyime, inamkinga na kutoboka meno, ila iwe kidogo: kiasi cha punje ya mchele kabla ya miaka 3, kisha punje ya njegere hadi miaka 6, na muwepo kuhakikisha anatema.

Binti yangu ana miaka mitano. Kila usiku nasimama nyuma yake, vidole vyangu juu ya vyake, ili nihisi uzito wa mkono wake. Zamani nilikuwa namwambia, "Sugua vizuri." Siku hizi namwambia, "Fagia, mama, fagia taratibu."