Roho ya zama ndani ya ushairi: mfano wa Pate

Ndugu, umeuliza shairi linawezaje kuonyesha roho ya zama zake ilhali halitaji mwaka, vita wala sheria yoyote. Mimi ningekupeleka kwenye shairi la Al-Inkishafi la Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, lililotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu katika pwani ya Kenya, umeshaporomoka.

Humo hutapata maelezo ya biashara iliyokufa. Utapata nyumba. Angalia zile zidaka za ukutani, ambamo matajiri walipanga sahani za kauri kutoka ng'ambo: sasa wamelala makinda ya ndege. Juu wananing'inia popo, buibui wametanda utando, na husikii sauti ya mtu. Kabla ya hapo mshairi ameshakuonyesha taa za kioo zilizofanya usiku ung'ae kama mchana, na watu walivyotembea shingo wameziinua.

Kwangu mimi hapo ndipo zama zinapoonekana. Kidaka ni kilekile, ila aliyemo amebadilika. Mwanahistoria atakueleza Pate ilishindana vipi na Lamu na nani alishinda. Mshairi anakueleza waliobaki walijihisi vipi. Tena hawalaumu maadui. Anauhoji moyo wake mwenyewe, kwa nini bado umeng'ang'ania dunia, na swali hilo linaonyesha jinsi Waislamu wa pwani walivyoyapima maanguko yao, kwa mizani ya dini kuliko ya siasa.

Ukilisoma, anza na beti za nyumba, na ulisome kwa sauti.